Nguvu ya dawa: maana ya "mg 120 kwa ml 5", "2%" na "1:1000" kwa anayejiandaa na mtihani wa famasi

Nguvu ya dawa ni kiasi cha dawa yenyewe kilichomo ndani ya kipimo fulani cha kile anachopewa mgonjwa: miligramu ngapi katika kidonge kimoja, miligramu ngapi katika mililita 5 za sirapu, gramu ngapi katika mililita 100 za dripu. Siku zote ni namba mbili zinazokwenda pamoja. Ukisema "miligramu 120" umetaja kiasi tu. Ukisema "miligramu 120 kwa mililita 5" ndipo umetaja nguvu. Mwanafunzi wa stashahada ya famasi, ngazi ya 6 ya NTA (mfumo wa tuzo za elimu ya ufundi Tanzania), akiishika tofauti hii, maswali mengi ya hesabu yanamfungukia. Asipoishika, hata akikariri kanuni zote zilizomo kwenye daftari atakwama, kwa sababu hajui namba ipi igawanywe kwa ipi.

Daktari huandika dozi kwa miligramu, mama wa mtoto hupima kwa mililita. Anayegeuza moja kuwa nyingine ni aliyeketi dirisha la dawa, awe kwenye hospitali za Bugando au Sekou Toure jijini Mwanza, au kwenye duka dogo la dawa pale Kirumba. Ndiyo maana watahini hawachoki kuuliza jambo hili.

Chukua mtoto wa kilo 12 mwenye homa, ameandikiwa parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo, mara 4 kwa siku, siku 3. Dozi moja ni 15 × 12, yaani mg 180. Sirapu iliyopo rafuni ni mg 120 kwa ml 5. Kinachotakiwa gawa kwa kilichopo, kisha zidisha kwa ujazo wa kilichopo: 180 ÷ 120 × 5 = ml 7.5. Kwa siku 3 atahitaji 7.5 × 4 × 3, yaani ml 90. Chupa moja ya ml 60 haimtoshi, na swali likiuliza "utatoa chupa ngapi" jibu ni 2. Wengi huishia kwenye 7.5 wakadhani wamemaliza, kumbe swali lilikuwa na sehemu ya pili.

Sasa badilisha sirapu tu. Ipo nyingine ya mg 250 kwa ml 5. Mtoto ni yuleyule na dozi ni ileile, lakini ujazo sasa ni 180 ÷ 250 × 5 = ml 3.6. Mama akiendelea na ml 7.5 alizozoea, mtoto anapata mg 375 kwa mara moja, na kwa siku nzima mg 1,500, yaani mg 125 kwa kila kilo. Hapo ini la mtoto liko hatarini. Kwa hiyo mhudumu anapotoa chupa mpya haitoshi kusema "mpe kama mara ile". Anachukua bomba la kupimia, analionyesha: "Mama, dawa hii ni kali kuliko ile ya kwanza. Vuta mpaka hapa, usipitishe. Hebu vuta mwenyewe nione." Kijiko cha chai cha nyumbani hakifai, kwa kuwa vijiko havilingani. Familia inayorudi kisiwani Ukerewe kwa kivuko ipewe bomba au kikombe chenye alama kabla haijaondoka, maana kurudi kuuliza si rahisi.

Dawa ya unga inayochanganywa na maji ina mtego wake. Chupa ya amoksilini ya ml 100 yenye nguvu ya mg 125 kwa ml 5 ina dawa mg 2,500 ndani yake. Maelekezo husema jaza maji mpaka kwenye alama. Hayasemi ongeza maji ml 100. Unga nao unachukua nafasi. Tuseme unachukua ml 10: ukimimina maji ml 100 juu yake, unapata ml 110, na kila ml 5 sasa ina takriban mg 114 badala ya 125. Mtoto anatibiwa nimonia kwa dozi pungufu na hakuna anayejua. Utaratibu ni huu: gonga chupa ili unga uachane, tia maji safi yaliyochemshwa yakapoa, kama nusu ya kufikia alama, tikisa mpaka mabonge yaishe, acha povu litulie, kisha jazia mpaka alama na utikise tena. Ukijaza wakati povu bado limejaa juu, alama inakudanganya. Kisha andika tarehe ya kuchanganya kwenye lebo, na umwambie mama siku ya mwisho ya kuitumia kama kiboksi kinavyoelekeza.

Mfano ulio bora kuliko yote, na ambao tungependa kila mwanafunzi aufanye mpaka aweze kuueleza bila karatasi, ni sindano ya atesuneti ya malaria kali. Kichupa kina unga mg 60. Kwanza unatiwa bikaboneti ya sodiamu ml 1 inayokuja nacho, unatikisa mpaka uwe maji maang'avu. Kwa kudunga kwenye mshipa unaongeza maji ya chumvi ml 5: jumla ml 6, nguvu mg 10 kwa ml. Kwa kudunga kwenye msuli unaongeza ml 2 tu: jumla ml 3, nguvu mg 20 kwa ml. Kichupa ni kimoja, lakini nguvu ni mbili. Mtoto wa kilo 15 anastahili mg 3 kwa kilo, kwa kuwa hajafika kilo 20 (kuanzia kilo 20 ni mg 2.4 kwa kilo). Dozi yake ni mg 45: ml 4.5 kwenye mshipa, au ml 2.25 kwenye msuli. Anayechanganya kwa ajili ya msuli halafu akavuta ujazo wa mshipa atahitaji zaidi ya kichupa kimoja. Hilo peke yake limshtue, kwa sababu kichupa kizima kina mg 60 na mtoto anahitaji 45. Dawa iliyokwisha kuchanganywa itumike ndani ya saa 1. Ikiwa na ukungu inatupwa. Maji ya kawaida ya sindano hayashiki nafasi ya maji ya chumvi hapa.

Vidonge ni rahisi zaidi, ila namba hukadiriwa ifikie nusu kidonge au kidonge kizima. Kandokando ya Ziwa Victoria mfano wa kufanyia mazoezi ni prazikwanteli ya kichocho: mg 40 kwa kilo, kidonge cha mg 600. Mtu wa kilo 45 anahitaji mg 1,800, vidonge 3 kamili. Mtoto wa kilo 22 anahitaji mg 880. Kidonge kimoja na nusu kinatoa 900, na hiyo inakubalika. Kwenye kampeni za shuleni hakuna mizani ya kila mtoto, kwa hiyo hutumika ufito wa kupimia urefu ulioandikwa idadi ya vidonge. Mtahini akikupa urefu badala ya uzito, usianze kutafuta kilo.

Asilimia kwa dawa ya maji ni gramu ndani ya mililita 100. Lignokeini (dawa ya ganzi) ya 2% ni gramu 2 kwa ml 100, yaani mg 20 kwa ml 1. Njia ya haraka: zidisha asilimia kwa 10 upate miligramu kwa mililita. Uwiano ni gramu kwa mililita: adrenalini 1:1000 ni gramu 1 katika ml 1,000, sawa na mg 1 kwa ml. Ile ya 1:10,000 ni mg 0.1 kwa ml. Namba kubwa upande wa kulia ina maana dawa ni nyepesi zaidi, na hapo ndipo mikono huteleza mara kumi nzima. Mtu mzima aliyepata mzio mkali hudungwa mg 0.5 kwenye msuli: ml 0.5 ya 1:1000.

Kuzimua kunafuata wazo lilelile, kwa kuwa dawa haiongezeki wala haipungui, maji ndiyo yanayoongezeka. Nguvu ya kwanza × ujazo wa kwanza = nguvu ya pili × ujazo wa pili. Klorini ya 3.5% ikihitajika kuwa 0.5% kwa kusafishia wakati wa kipindupindu, 3.5 ÷ 0.5 = 7. Hizo 7 ni sehemu zote kwa pamoja, kwa hiyo klorini sehemu 1 na maji sehemu 6. Anayetia maji sehemu 7 anapata kama 0.44%, na kwenye mtihani anapoteza alama kwa kosa ambalo angeligundua kwa kugawanya tena.

Kwenye karatasi, andika kipimo kando ya kila namba kwenye kila mstari: mg, ml, kg. Vipimo vikikatana vibaya, hesabu imegeuka juu chini. Geuza mikrogramu kuwa miligramu kabla ya kuanza, si katikati. Andika 0.5, kamwe si .5, na andika 5, kamwe si 5.0, kwa sababu nukta ikififia .5 inasomwa 5 na 5.0 inasomwa 50. Insulini andika "yuniti" kwa ukamilifu, maana herufi U iliyoandikwa haraka inasomwa kama sifuri. Na mazoezi yafanyike kwa viboksi halisi: omba maboksi matupu famasi unakofanyia mafunzo kwa vitendo, soma nguvu iliyoandikwa, mpe mwenzako uzito wa mgonjwa, akokotoe ujazo na idadi ya kutoa.