Kitufe cha kigari kinachoteleza si loki

Mwezi uliopita dalali mmoja alinionyesha Prado akaniambia: "Kaka, hii ina loki zote, tena za umeme." Sentensi hiyo nilikuwa nimeshaisikia mara nyingi mno mwaka huu, kwa hiyo nikaingia ndani kuzitafuta hizo loki, yaani difu loki za kutokea kwenye tope. Nikakuta kitufe chenye picha ya kigari, na nyuma yake mistari miwili iliyojipinda kama nyoka. Dalali akakigonga kwa kidole, kwa fahari.

Hicho si loki. Hicho ni traksheni kontroli.

Maana zenyewe ni fupi. Difu ni gia zile za katikati ya ekseli zinazoruhusu tairi mbili kwenda kwa mwendo tofauti. Difu loki inaziunganisha tairi hizo zizunguke kama chuma kimoja. Traksheni kontroli haigusi difu kabisa, inasubiri tairi lianze kuzunguka bure, kisha inalikamata kwa breki. Basi.

Nadhani mkanganyiko umeanzia kwenye kitenzi chetu. Kwa Kiswahili tunafunga mlango, tunafunga difu, na tunafunga breki. Mtu akielezwa kwamba mfumo "unalifunga tairi linaloteleza", anasikia loki. Lakini kufunga breki ni kuzuia kitu kisizunguke, na kufunga difu ni kulazimisha vitu viwili vizunguke pamoja. Kitenzi kimoja, kazi mbili ambazo hazina hata undugu wa mbali.

Difu nayo tumeikata mkia. Jina lake refu, diferensho, lina asili ya Kilatini, na mzizi wake ni kubeba vitu kwa kuvitenganisha, kila kimoja upande wake. Yaani tofauti. Onésiphore Pecqueur, fundi saa wa Ufaransa, alipoipatia hataza mwishoni mwa miaka ya 1820 kwa ajili ya gari la mvuke, tofauti hiyo ndiyo aliyokuwa akiitaka, kwa sababu kwenye kona tairi la nje lina safari ndefu kuliko la ndani. Sasa lifungue jina difu loki mzizi kwa mzizi: ni kufuli la tofauti. Ni kifaa kinachoizuia difu isifanye kazi iliyoundiwa. Ndiyo maana ukiisahau ikiwa imefungwa ukapanda nayo lami, kona zinakuwa ngumu, tairi zinalia, na ukiendelea kubisha unaweza kukata ekseli.

Halafu neno loki lenyewe limebebeshwa mzigo. Mwenye mkonga (Land Cruiser) wa zamani anashuka kwenye tope, anazungusha habu, yaani vitovu vya tairi za mbele, hadi kwenye neno LOCK, anapanda na kutangaza kwamba ameweka loki. Ameunganisha tairi za mbele na ekseli zake, difu haina habari. Mwenye Prado anafunga senta, yaani difu ya kati inayogawa nguvu baina ya mbele na nyuma, naye anasema ameweka loki. Huyu hajadanganya. Lakini tairi moja la mbele na moja la nyuma la upande wa pili yakining'inia kwa pamoja, bado yatazunguka hewani huku gari limetulia kama kibanda. Picha za kwenye dashibodi ya Toyota zinaeleza kila kitu: X iliyo katikati ni senta, X iliyo kwenye ekseli ya nyuma ni difu ya nyuma. Watu hawaangalii X iko wapi, wanafurahi tu kuiona imewaka.

"Za umeme" nayo ni mtego. Difu loki nyingi za Toyota zinasukumwa na mota ndogo ya umeme. ARB Air Locker ya Australia inafungwa kwa upepo wa kompresa, na malori mengi pia ni upepo. Umeme na upepo ni mkono wa kusukuma tu, ndani chuma kinakamata chuma. Kwa hiyo loki ya umeme ipo, na ingekuwa kwenye Prado ile ningelipa bei aliyoitaka bila kubisha.

Kuna na hili linalosemwa, kwamba difu ya kawaida inapeleka nguvu zote kwenye tairi lililo topeni. Inapeleka mzunguko wote huko, ndiyo. Nguvu inaigawa sawa kwa sawa, na balaa liko hapo hapo kwenye usawa. Tuseme tairi la topeni linahimili nyutoni-mita 200 (kipimo cha nguvu ya kuzungusha) kabla ya kuteleza. La pili, lililokanyaga mwamba, nalo linapewa 200 tu, hata kama mshiko wake (wa tairi, si wa mfukoni) ungebeba 1,500. Traksheni kontroli inaidanganya difu: breki ikikamata kwa 800, upande wa topeni unaonekana mzito wa 1,000, na upande wa mwamba unalipwa 1,000 vilevile. Gari linatoka. Ila difu imelazimika kupewa 2,000, na zile 800 zimegeuka joto kwenye diski. Ukifunga difu, tope linachukua 200 zake, mwamba unachukua kadiri unavyoweza, na breki hazijaguswa.

Tena traksheni kontroli inahitaji tairi liteleze kwanza ndipo ishtuke. Vihisio vyake ni vile vile vya ABS, mfumo unaozuia breki zisigandishe tairi, teknolojia iliyoingia kwenye Mercedes mwaka 1978, nayo inavitumia kulinganisha mwendo wa tairi. Pasipo tofauti, haina la kufanya. Kwenye udongo mweusi wa mbuga wakati wa masika, ule mzunguko mmoja wa kwanza unatosha kulichimbia tairi kaburi.

Land Rover waliwahi kuiamini kupita kiasi. Discovery II ya mwaka 1998 ilikuja na traksheni kontroli, ule mkono wa kufunga senta ukaondolewa. Wenye magari wakanung'unika, na katika miaka yake ya mwisho, kabla haijaacha kutengenezwa mwaka 2004, mkono ukarudi.

Sisemi loki ndiyo bora kila mahali. Kwenye njia iliyolala upande, yenye utelezi, difu ikiwa imefungwa tairi zote mbili za nyuma zinaweza kupoteza mshiko kwa mpigo, mkia wa gari ukashuka bondeni wenyewe. Ukifunga ya mbele, usukani unakuwa mgumu. Hapo breki inayokamata tairi moja moja ina busara zaidi, na dereva mchanga hatakata ekseli kwa kuisahau.

Dalali alinisikiliza hadi mwisho, ni kijana muungwana. Akauliza: "Sasa kwenye tangazo niandike nini?" Nikamwambia aandike senta loki na traksheni kontroli, hiyo ni sifa tosha kwa Prado. Na mnunuzi wake akikwama akasikia mlio wa krr-krr-krr chini ya gari, asishtuke akaachia mafuta kama wanavyofanya wengi. Mguu utulie pale pale, breki ndiyo kwanza imeanza kazi.