Je, wajua kwenye mkataba wa kazi "mchana" unaisha saa 2 usiku?

Mimi nina kisteshenari hapa Mwanjelwa, Mbeya, kazi yangu kutoa kopi, kuchapa barua na kuprinti mikataba, na kwa mikataba yote iliyopita kwenye mashine yangu hakuna neno linaloumiza watu kimyakimya kama "mchana". Unakuta kifungu kizima cha muda wa kazi ni mstari mmoja tu, "mfanyakazi atafanya kazi za mchana", imeisha hiyo, mtu anasaini anakimbia kabla bosi hajabadili mawazo.

Sasa mchana huo unaanza saa ngapi na unaisha saa ngapi? Ukimuuliza mtu wa huku atakwambia jua likizama umeisha, na mwezi wa 6 na wa 7 huku kwetu saa 1 jioni giza limeshaingia na kila mtu yuko ndani ya koti. Ila sheria haiangalii jua, inaangalia saa ya ukutani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema usiku ni ule muda wa baada ya saa 2 usiku mpaka kabla ya saa 12 asubuhi. Kwa hiyo yule anayefunga duka saa 1 na nusu huku anamulika kufuli kwa tochi ya simu, kisheria bado yuko mchana. Na anayeingia kazini saa 12 kamili asubuhi wakati Uyole yote imefunikwa ukungu na kuku hawajashuka, naye yuko mchana.

Mpaka huo umewekwa kwa sababu una hela ndani yake. Ukifanya kazi saa za usiku unatakiwa kuongezwa angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila lisaa la usiku. Pia kuna watu hawatakiwi kulazimishwa wala kuruhusiwa kufanya kazi ya usiku kabisa, mfano mama mjamzito akibakiza miezi miwili kujifungua. Sasa mpaka ungefuata jua kila mwajiri angekuwa na usiku wake.

Ila hiyo asilimia 5 ni chenji. Hela kubwa iko hukuhuku mchana, na hapo ndo watu wanaliwa bila kujua.

Juzijuzi alikuja dada mmoja anauza duka la hardware maeneo ya Mafiati, ana karatasi moja imekunjwa mara nne, anataka kopi mbili. Karatasi yenyewe ndo ile ile ya "kazi za mchana". Nikamuuliza dada yangu unaingia saa ngapi, akasema saa 1 asubuhi, unatoka? saa 1 usiku, Jumatatu mpaka Jumamosi. Lanchi? Akacheka, akasema "kaka lanchi nakula hapohapo kaunta, nikishika kijiko tu anakuja mtu anataka misumari ya inchi nne".

Tukachukua kalkuleta. Sheria inasema kazi ya kawaida isizidi masaa 9 kwa siku, masaa 45 kwa wiki, na siku zisizidi 6. Yeye ana masaa 12 mara siku 6, hiyo ni 72. Toa 45 inabaki 27 kila wiki, na hayo 27 yote ni ovataimu. Ovataimu nayo ina dari yake, haitakiwi kuzidi masaa 50 ndani ya wiki nne, na kwa siku jumla ya kila kitu isivuke masaa 12. Yeye kwa wiki nne anagonga 108, yaani mara mbili na zaidi, halafu mkataba wake hautaji neno ovataimu hata mara moja, wakati sheria inataka ovataimu iwe kwa makubaliano, sio bosi anaamka tu anasema leo tunachelewa kufunga.

Kwa hela inakuwaje? Kama saa zako za kawaida ni 45 kwa wiki, unachukua mshahara wa msingi wa mwezi unagawa kwa 195, unapata bei ya lisaa lako moja (195 inatokana na 45 mara wiki 4.333 za mwezi, sio namba ya kubuni). Tuseme mshahara ni 234,000, lisaa ni 1,200. Ovataimu ni mara moja na nusu au zaidi, kwa hiyo 1,800. Masaa 27 ni 48,600 kwa wiki. Kwa wiki nne ni 194,400. Dada akaniangalia akaiangalia kalkuleta akaniangalia tena. Na kama wangemwita Jumapili yake ya kupumzika au sikukuu ya serikali, hapo lisaa linahesabiwa mara mbili, yaani 2,400.

Hii ya lanchi nataka niikazie kidogo maana hapa ndo mabosi wengi wanachezea. Ukifanya kazi zaidi ya masaa matano mfululizo una haki ya mapumziko ya angalau dakika 60. Lisaa hilo bosi halazimiki kulilipa, na ndo maana wajanja wanaandika masaa 12 "ikiwemo mapumziko" ili lisaa lisihesabiwe. Sawa, ila kama umelazimishwa kufanya kazi au kukaa tayari kwa kazi muda huo, hilo sio pumziko tena, ni kazi na linalipwa. Hotpoti ya wali maharage chini ya kaunta huku unapima nondo hiyo ni kazi, hata kama umekaa kwenye kiti.

Halafu kuna pumziko la kutoka siku moja hadi nyingine, masaa 12 mfululizo. Yeye akifunga saa 1 usiku akafungua saa 1 asubuhi imetimia kamili bila hata dakika ya ziada, ila siku bosi akisema tuhesabu stoku kidogo mpaka saa 2, pumziko limeshavunjwa, labda kesho yake aingie saa 2.

Kuna kundi ambalo haya masaa hayawahusu, nalo ni wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na wanaripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Ndo maana siku hizi kila muuza duka anaandikwa "meneja". Meneja wa nani sasa, wa mizani?

Kingine kinachochanganya huku ni mikataba ya kudownload. Imeandikwa 8:00 mpaka 17:00, mtu wetu anasoma saa nane. Sheria inamtaka mwajiri aandike masaa ya kazi kwenye maelezo ya ajira, na kama mfanyakazi haelewi aelezwe kwa namna atakayoelewa. Wengi wanaogopa kudai eti kwa sababu hawana karatasi, kumbe ni kinyume, shauri likifika mbele bosi akashindwa kuleta mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unamwangukia yeye. Shauri linaanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mlango haukai wazi milele, ni siku 30 ukipinga kuachishwa na siku 60 kwa madai mengine.

Basi dada akaniambia nimchapie kifungu kipya, tukaandika hivi: "Kazi itaanza saa 2:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni Jumatatu hadi Ijumaa, na saa 2:00 asubuhi hadi saa 7:00 mchana Jumamosi. Mapumziko ya chakula ni dakika 60 Jumatatu hadi Ijumaa. Muda wowote wa ziada utakubaliwa kwa maandishi na kulipwa mara moja na nusu." Masaa 8 mara siku 5 ni 40, jumlisha 5 ya Jumamosi, 45 hiyo imekaa. Akasema ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akaondoka.

Jumatatu kanirudia na karatasi. Bosi kasaini, ila ile 60 kaikata kwa kalamu nyekundu kaandika 30. Nikamwambia hiyo 30 iko chini ya kiwango cha sheria, sahihi haiwezi kuihalalisha, arudi naye waongee. Akauliza kuprinti upya ni shilingi ngapi.