Radiohead Hawakulitupa Gitaa

Kila ninapopokea wanafunzi wapya wa gitaa, hukutana na kauli ileile: kwamba Radiohead, bendi ya vijana waliokutana shuleni Abingdon, karibu na Oxford, ililitupa gitaa mwaka 2000 ilipotoa albamu ya Kid A, na tangu hapo kazi yote ikaachiwa mashine. Wasemao hivyo mara nyingi wamesikiliza wimbo wa kwanza tu, Everything in Its Right Place, ambao kweli umejengwa juu ya kinanda cha umeme, kisha wakaihukumu albamu nzima. Wangevumilia hadi wimbo wa nne, How to Disappear Completely, wangemsikia mwimbaji wao, Thom Yorke, akipiga gitaa kavu tangu mwanzo, huku fidla za okestra, zilizopangwa na mwenzake katika bendi, Jonny Greenwood, na kurekodiwa katika kanisa la kale la Dorchester, zikipanda taratibu nyuma yake hadi zikakaribia kuifunika sauti yake. Optimistic unasukumwa na magitaa ya umeme waziwazi. The National Anthem una besi aliyoipiga Yorke mwenyewe, pamoja na kundi zima la vyombo vya kupuliza.

Kilichobadilika ni nafasi ya gitaa, ambalo halikulazimika tena kuongoza kila wimbo. Kwa hiyo nasisitiza: vaa vipokea sauti, ifuate besi kwanza, kisha litafute gitaa. Asikilizaye kwa spika ya simu hana haki ya kutoa hukumu.

Si kweli pia kwamba wimbo wao wa Creep ulivuma mara ulipotoka. Mwaka 1992 uliishia nafasi ya 78 nchini Uingereza. Ni baada ya kupendwa ng'ambo na kutolewa upya mwaka 1993 ndipo ulipofika nafasi ya 7.

Albamu yao ya In Rainbows nayo haikugawiwa bure. Oktoba 2007 mnunuzi aliachiwa ajipangie bei mtandaoni, hata sifuri akitaka, na ilipofika madukani bado iliongoza chati za Uingereza na Marekani.

Wengine hudai kwamba athari ya Radiohead imeishia kwenye bendi za roki, ilhali mtunzi wa Marekani Steve Reich ametunga Radio Rewrite kutokana na nyimbo zao mbili, na mpiga piano wa jazi Brad Mehldau amerekodi wimbo wao wa Exit Music. Mwanafunzi wa gitaa atajifunza mengi zaidi kwa kuisikiliza piano hiyo kuliko kwa kuurudia Creep kila jioni.