Nihame kozi au nikomae? Yanayosemwa vyuoni na ukweli wake

Walioko mwaka wa pili au wa tatu huwa wananiuliza hili swali sana, nihame kozi au nikomae nayo, na ukiwasikiliza vizuri unakuta wengi hata siyo kozi inayowasumbua, ni maneno waliyoyasikia hosteli au kwa mjomba kwenye simu. Mengi siyo kweli. Mengine ni kweli nusu, na hayo ndiyo yanaumiza zaidi.

"Anayebadili kozi hajielewi"

Hapana jamani. Kituo cha taifa cha takwimu za elimu cha Marekani kiliwafuatilia wanafunzi walioanza chuo mwaka wa masomo 2011/12, na ndani ya miaka 3 karibu asilimia 30 ya waliokuwa wameshachagua kozi walikuwa wamebadili angalau mara moja. Walioanza shahada ya hisabati ndio waliongoza, asilimia 52. Sasa utasema zaidi ya nusu ya watu waliochagua hesabu kwa hiari yao hawajielewi? Sekondari hesabu ni kukokotoa mpaka upate jibu, chuoni unapewa kuandika uthibitisho, ukurasa mzima namba hazizidi mbili. Mtu amekutana na kitu tofauti na alichokijua, akaamua upya, tatizo liko wapi.

"Nimeshakula miaka miwili, nikihama nimeitupa"

Hii ndiyo inawashikilia watu kuliko zote kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Hiyo miaka imeshaenda ndugu yangu, ukihama imeenda, ukibaki imeenda, haiwezi kuwa sababu ya upande wowote, kinachopimwa ni kilichobaki mbele. Ila moyo haukubali, na hili lilishapimwa: mwaka 1985 watafiti Hal Arkes na Catherine Blumer walichapisha jaribio la watu waliokuwa wananunua tiketi za msimu mzima wa maigizo, wengine wakalipa bei kamili na wengine wakapunguziwa bila kutarajia, na nusu ya kwanza ya msimu waliolipa kamili ndio walihudhuria zaidi. Maigizo ni yaleyale, kilichowatoa nyumbani ni hela iliyokwisha toka mfukoni.

Halafu siyo kweli kwamba ulichosoma kinapotea. Charles Darwin, yule wa nadharia ya mageuzi ya viumbe, alipelekwa Edinburgh, Scotland, mwaka 1825 asomee udaktari, baba yake alikuwa daktari na ndiye aliyeamua. Akaingia chumba cha upasuaji, anafanyiwa mtoto, dawa ya usingizi haijagunduliwa, akatoka mbio kabla haijaisha na hakurudi tena. Mwaka 1827 akaacha, akaenda Cambridge kusoma shahada nyingine kabisa. Lakini akiwa Edinburgh alilipia mafunzo kwa John Edmonstone, mtu mweusi kutoka Guyana aliyekuwa ametoka utumwani, akamfundisha kukausha ndege na kuwahifadhi wasioze, na ujuzi huo ndio aliokuja kuutumia kwenye meli ya Beagle, 1831 mpaka 1836, akikusanya ndege waliomsaidia kujenga hoja zake. Udaktari aliuacha, mikono aliondoka nayo.

"Kozi ndiyo kazi"

Kweli nusu. Wachumi wawili wa Benki Kuu ya Marekani tawi la New York, Jaison Abel na Richard Deitz, walipiga hesabu kwa takwimu za 2010 wakakuta asilimia 27 tu ya wenye shahada walikuwa kwenye kazi inayoendana moja kwa moja na walichosomea. Ila kuna kazi zina mlango mmoja, udaktari, uuguzi, ufamasia, uhandisi wa kusajiliwa, huko bila masomo yenyewe leseni hupati. Kwa hiyo anza na kazi unayoitaka, uliza inadai leseni au haidai. Kama haidai, jina la kozi kwenye cheti lina uzito mdogo kuliko unavyotishwa.

"Nimepata sapu, hii kozi siyo yangu"

Taratibu. Sapu (mtihani wa marudio baada ya kufeli) moja inaweza kuwa mwalimu mbovu, usingizi, msiba, au somo la mwaka wa kwanza ambalo na hiyo kozi unayoikimbilia wanalo (takwimu hasa, watu wanaikimbia huku wanaikuta kule). Mimi naangalia kitu kingine: yale masomo unayofaulu, unayapenda? Mtu anayepata A na bado hataki kufungua daftari, huyo namsikiliza kuliko aliyefeli.

"Nikihama naanza sifuri" na ndugu yake, "krediti zinahama zote"

Zote mbili ni uongo. Krediti ni uzito wa kila somo unaohesabiwa mpaka ufikishe shahada. Tuseme kozi inataka krediti 120, wewe unazo 60, kozi mpya wanakubali 45. Zimebaki 75, ukibeba 15 kila semista ni semista 5 badala ya 4, umeongeza moja tu. Lakini hapo pana mtego ambao watu hawauoni mpaka wameshasaini: krediti inaweza "kukubaliwa" kama somo la hiari tu, wakati nafasi za hiari umeshazijaza, kwenye transkripti (karatasi ya matokeo yako) ipo ila haikupunguzii kitu. Mtego wa pili ni mpangilio, kuna somo ambalo bila kulipita huruhusiwi kuchukua linalofuata, na linafundishwa semista moja kwa mwaka, ukilikosa unasubiri mwaka mzima hata kama krediti zilizobaki ni chache. Kwa hiyo usiulize zinahama ngapi, uliza nitamaliza lini, wakupangie semista kwa semista, kwa maandishi.

Hela nayo usiibahatishe. Udhamini mwingine umefungwa kwenye kozi, mwingine umefungwa kwenye idadi ya miaka, na kama unasoma nchi ya watu viza yako inaweza kuwa imeandikwa kozi fulani. Ulizia kabla hujajaza fomu yoyote.

"Ukishafika mwaka wa mwisho huna ujanja"

Ukiwa umebakiza semista moja au mbili kweli mimi ningekushauri umalize, lakini kumaliza siyo kufungwa humo maisha. Zipo shahada za uzamili zinazopokea watu wa fani nyingine, wengine wanakutaka uongeze masomo machache ya msingi kwanza. Edward Witten shahada yake ya kwanza ya 1971 ilikuwa ya historia, akaja kuwa mwanafizikia, na mwaka 1990 akapewa medali ya Fields, ya hisabati.

Na kabla ya fomu, nenda kakae kwenye darasa la mwaka wa tatu la hiyo kozi unayoitamani, siyo la utangulizi maana utangulizi wa kila kozi ni mtamu, omba uone kazi wanazopewa kwenda kufanya, jaribu moja peke yako jioni.