Je, wajua kwa nini Blackadder alitolewa kasrini akaingizwa studio?

Rowan Atkinson, ambaye wengi tunamjua kwa jina la Mr. Bean, aliwahi kuigiza mwana wa mfalme aitwaye Edmund. Mwaka 1983 BBC ilionyesha The Black Adder, komedi inayoanzia mwaka 1485, kwenye mapigano ya Bosworth alikouawa Mfalme Richard III. Ilikwenda vipindi 6 tu, na nusura iishie hapo. Michael Grade, aliyeshika uongozi wa BBC1 mwaka 1984, hakutaka kuiendeleza kwa gharama ile.

Komedi ya siku hizi ni rahisi: mwigizaji anavaa shati, anaingia sebuleni, kazi inaanza. Ya mwaka 1485 inadai kila kitu kishonwe, kichongwe au kikodishwe, kuanzia panga hadi farasi na watunzaji wao. Matukio mengi ya nje yalirekodiwa kwenye kasri la Alnwick, kaskazini mwa Uingereza, wakati wa baridi kali. Theluji ikianguka mchana, picha za asubuhi haziungani tena na za jioni. Kikosi kizima kinasubiri, na kusubiri huko kunalipiwa.

Ila kilichoumia zaidi ni kichekesho chenyewe. Mtaji wa Atkinson ni uso wake. Mpandishe farasi, mpige picha kwa mbali, uso huo unakuwa nukta. Halafu kuna suala la kicheko. Msimu ule ulirekodiwa bila watazamaji, kisha watu wakaonyeshwa picha zilizokamilika ili vicheko vyao vinaswe. Mwigizaji aliyeko uwanjani hajui watacheka wapi wala kwa muda gani. Asipotua, kicheko kinameza sentensi inayofuata. Akitua mno, panabaki pengo.

Msimu wa pili, wa mwaka 1986, ulitibu yote mawili. Ben Elton alichukua nafasi ya Atkinson katika uandishi, akishirikiana na Richard Curtis. Kazi karibu yote ikahamia studio: vyumba vya kuta tatu, upande wa nne ukiachwa wazi kwa kamera, na watazamaji wamekaa mbele. Hapo mwigizaji husikia kicheko kikipanda, hungoja kianze kushuka, ndipo anatamka. Hadithi ikahamia enzi ya Malkia Elizabeth I, na fedha ikaenda kwenye mavazi ya enzi hiyo, ambayo kamera iliyo karibu huyaona vizuri. Wahusika nao wakageuzwa: Edmund, aliyekuwa mjinga, akawa mjanja, mtumishi wake Baldrick akawa ndiye mjinga. Huo ulikuwa uamuzi bora kuliko yote, kwa sababu mtu mjanja aliyefungiwa chumbani na wapumbavu hahitaji farasi ili achekeshe.

Kufikia msimu wa nne, mwaka 1989, hadithi iko kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, na sehemu kubwa yake inachezwa katika vyumba viwili: chumba cha handakini na ofisi ya Jenerali Melchett.