Umengolewa jino? Ile damu yenye imeganda mu shimo, uiache pale

Bandugu wa Bukavu, siye ba serivisi ya meno tunaandika hii sababu watu wengi wanangolewa jino muzuri, halafu siku ya tatu wanarudi na maumivu kupita ile ya kwanza, wanasema munganga amewaharibia kinywa. Mara mingi shida inatoka ku vile walifanya ku nyumba siku ya kwanza.

Jino ikishatoka, shimo inajaa damu na damu inaganda mu dakika kidogo tu. Ile damu njo dawa ya kwanza ya kidonda, na hakuna dawa ya farmasi yenye inaishinda. Ndani yake kuna nyuzi ndogo za fibrini, chembe za mwili zinapanda juu yake zinaanza kujenga nyama mupya. Kisha juma moja hivi, nyama nyekundu na laini inachukua nafasi ya damu. Mu juma tatu ao ine fizi inafunga juu. Mufupa nao unaanzia chini na kando ya shimo unapanda polepole, lakini kukomaa inaomba miezi ine mpaka sita, na kwa wengine zaidi. Ukitoa ile damu siku ya kwanza, kazi yote inakosa mahali pa kuanzia.

Kwa hiyo uma kompresi (kile kitambaa safi yenye wanakuwekea juu ya shimo) dakika 30 mpaka 45, uikaze kweli, usiifungue kila saa kuangalia. Mate ya rangi nyekundu kidogo siku ya kwanza si jambo ya kuogopesha. Damu ikiendelea kutoka, uma ingine safi yenye umelowesha kidogo. Saa 24 za kwanza usisukutue, usiteme kwa nguvu, usinywe na paye (kule kuvuta njo kunangoa damu mu shimo). Na tafazali, mambo ya kusukutua kanyanga ju "iue vidudu", ao kuweka tumbaku, ao kubandika kidonge ya aspirini ku fizi, tuache kabisa: inachoma nyama mubichi, na wewe unabaki na vidonda viwili.

Sigara nitaisema peke yake. Nikotini inabana mishipa midogo ya damu, kidonda inakosa chakula na hewa, na kuvuta kwenyewe kunanyonya ile damu. Mwenye anavuta apumzike siku tatu kabisa, juma moja ni bora zaidi, na kama anaweza kuacha mpaka mufupa unajijenga, basi tunamuomba aache.

Siku ya pili anza maji vuguvugu na chumvi, nusu ya kijiko kidogo mu kikombe, wakati umemaliza kula, uinamishe tu kichwa maji ipite, bila kutikisa. Meno ingine uendelee kupiga burosi. Chakula isikuwe buyi tupu juma nzima! Nyama mupya na mufupa vinajengwa na protini, basi kula mayai, maharagi ya kuponda, sambaza zetu za ziwa zenye umepika zikalainika, avoka, na papayi ao maembe kwa vitamini C. Bugali iko sawa, ila isikuwe ya moto sana, na tafuna upande mwingine.

Sasa ile maumivu ya siku ya pili mpaka ya ine, yenye inapanda mpaka ku sikio, kinywa inanuka, na ukiangalia shimo iko tupu unaona mufupa: pale damu imeondoka. Kwa jino ya kawaida inapata watu kama 1 mpaka 5 juu ya 100, kwa meno ya mwisho ya chini inazidi sana, na kwa wamama wenye wanameza kidonge ya kuzuia mimba pia inaongezeka. Usikimbilie kununua antibiotiki. Rudi, tusafishe shimo, tuweke dawa yenye mafuta ya karafuu, mara mingi maumivu inashuka siku ileile.

Mbele ya kungolewa, sema yote: sukari, tansio, dawa za kulainisha damu, sindano za kukaza mifupa, ao kama ulishapigwa miali ya kansa ku kichwa ao shingo. Na usisimamishe dawa ya moyo bila munganga mwenye aliiandika.

Hata kama yote imepona muzuri, mufupa unapunguka upana, unaweza kufika karibu nusu mu mwaka wa kwanza, na sehemu kubwa ya ile inaenda mu miezi mitatu ya kwanza. Basi kama unawaza kuweka jino ya kupandikiza, uliza mbele jino haijatoka, maana kuna njia za kulinda shimo: kujaza chembe za mufupa, ao kutumia damu yako mwenyewe yenye imezungushwa mu mashini, namna yenye munganga Joseph Choukroun wa Ufaransa alileta mwaka 2001. Ile ya pili inasaidia zaidi fizi kupona na maumivu kupunguka, lakini ku mufupa matokeo yake si makubwa vile.

Homa, kuvimba kwenye kunazidi kisha siku ya tatu, kinywa kukataa kufunguka, kumeza ao kupumua kuwa nguvu: usingoje asubui, kuja lopitalo usiku uleule.