Rezolusheni si ukubwa wa kioo

Safari hii alikuwa mama mmoja wa Wete, anayechapisha kadi za harusi na barua za skuli. Kompyuta yake ya mezani inatumia mfumo wa Linux badala ya Windows. Asubuhi moja aliiwasha akakuta maandishi makubwa yenye ukungu, na pete mbili zilizochorwa kwenye kadi zimekuwa mayai. Dukani akaambiwa, “Rezolusheni yako ndogo, mama, chukua kioo cha inchi 24.” Akaja kwangu kuuliza kama 24 zitatosha au bora 27.

Kosa hili nimelisikia mara nyingi mno, na sasa lilikuwa limtoe mtu pesa zake za mtaji. Ndiyo maana naandika.

Rezolusheni ni hesabu ya nukta, yaani pikseli, zinazounda picha. Tukisema 1920×1080 ni nukta 1,920 kwa upana na mistari 1,080 kwenda chini, jumla 2,073,600. Hamna inchi humo. Kioo cha inchi 22 na televisheni ya inchi 55 huweza kuwa na hesabu hiyohiyo. Aliyekulia Pemba aifikirie mikeka miwili ya kipimo kimoja, mmoja umesukwa kwa chane nyembamba, mwengine kwa chane pana. Sakafuni inachukua nafasi sawa, lakini nakshi ndogondogo zitakaa vizuri kwenye ule wa chane nyembamba tu.

Neno lenyewe limetujia kwa Kiingereza, na mzizi wake ni wa Kilatini: solvere, kufungua, kulegeza kilichofungwa. Watu wa darubini hulitumia kwa uwezo wa kuviona vitu viwili vilivyokaribiana kuwa kweli ni viwili. Simama ufukweni usiku wa giza uwatazame wavuvi wa dagaa. Mashua mbili zinazovua karibu karibu, kwa mbali ni taa moja. Zikisogea, au ukitia darubini nzuri, ile taa moja inaachana, zinakuwa mbili. Kule kuachana ndiko rezolusheni.

Na sisi kitenzi chake tunacho tangu zamani: kupambanua. Kitazame kilivyojengwa. Kunja, kunjua. Funga, fungua. Pambana, pambanua. Ile -u- inageuza tendo, vilivyokutana vinaachanishwa. Mlatini kafungua, Mswahili kapambanua, wamefika pahala pamoja. Ningefurahi sana siku moja tukizoea kusema upambanuzi wa kioo, kwani mtu akilisikia neno hilo hatakimbilia kupima inchi. Atauliza kilichoziunganisha nukta.

Nasi ndivyo tulivyouliza. Nilifungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, nikaandika xrandr, amri inayoorodhesha rezolusheni zinazopatikana kwenye kioo. Kwenye orodha iliyotoka, hesabu kubwa kuliko zote ilikuwa 1024×768, na kioo cha yule mama ni cha 1920×1080. Kwa kawaida kioo chenyewe ndicho kinachoiambia kompyuta hesabu zake, kwa taarifa fupi ya baiti 128 iitwayo EDID. Katika waya wa VGA, ule wa zamani wa kuunganishia kioo, taarifa hiyo hupita kwenye pini, yaani sindano ndogo za kichwa chake, ya 12 na ya 15. Nikauchomoa waya nikaugeuzia dirishani kwenye mwanga: pini ya 12 imelala kabisa, imepindwa wakati wa kuchomeka. Kompyuta ikawa haipati jibu, ikachukua hesabu ya tahadhari, 1024×768, na kioo kikalazimika kuitandaza hiyo picha kwenye nukta zake zote: karibu mara 1.9 kwa upana, lakini mara 1.4 tu kwa urefu. Ukungu umetoka hapo, na pete kuwa mayai ni kwa sababu upana umevutwa kuliko urefu. Waya ungekuwa mzima, ningetazama draiva, programu inayoendesha kadi ya picha, kisha kama neno nomodeset, linaloizuia Linux kupanga rezolusheni mapema, halikusahaulika kwenye GRUB, programu ya kuwashia Linux, tangu siku ya kusakinisha. Haikufika huko. Tulitia waya mwengine, pete zikarudi kuwa duara.

Mama akasogea, akakunja uso. “Mwanangu, sasa rezolusheni imekuwa kubwa, herufi sizioni. Irudishe kidogo.”

Hili la pili ndilo linaloniumiza zaidi, maana wazee wengi wenye macho mazito hushushiwa rezolusheni na watoto wao kwa nia njema kabisa, wakaachwa wanasoma kwenye ukungu miaka. Nikamwambia: “Mama, ukiirudisha, herufi zitakuwa kubwa na zitafifia, kwa sababu tutakuwa tumezipunguza nukta zinazozichora. Herufi zina mpangilio wao peke yake.” Tukaufungua, tukaongeza ukubwa wa maandishi kwa robo. Nukta zote 2,073,600 zikabaki kazini, na akaisoma kadi kwa sauti kuanzia bismillahi hadi jina la ukumbi, bila kuvaa miwani.